Mti wetu haumo kwenye kitabu: je, ni spishi mpya?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, chini ya milima ya Udzungwa. Katika msitu wa hifadhi wa kijiji chetu kuna mti ambao wazee wana jina lake, lakini mwanafunzi wa chuo aliyepita huku kwa utafiti hakuupata kwenye kitabu chake. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ni mazito na hayana vinyweleo, na gome likichanjwa hutoa utomvu wa manjano. Bondeni tumehesabu miti kama thelathini. Mingine huzaa, mingine hatujawahi kuiona na tunda hata moja. Tumesoma habari za ule mti mkubwa wa Boza na Uluti uliotangazwa kuwa mpya duniani. Je, huu wetu nao unaweza kuwa mpya? Nikikutumia picha utathibitisha? Na ukiwa mpya, nani anaupa jina, na jina hilo litausaidia msitu wetu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Ndiyo, unaweza kuwa mpya. Ila picha hazitatosha, na wala mimi peke yangu sina mamlaka ya kusema "huu ni mpya". Hilo huthibitishwa kwa sampuli zilizokaushwa, kwa kulinganishwa na kila ndugu wa mti huo anayejulikana, kisha kwa maandishi yaliyochapishwa ambayo mtaalamu mwingine yeyote anaweza kuyapinga akiwa na sampuli ileile mkononi. Nitakueleza kazi hiyo inavyokwenda, kwa sababu sehemu yake kubwa na ya maana inaweza kufanywa na ninyi mnaoishi karibu na mti wenyewe.

Nianze na utomvu, maana hapo umenipa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Majani yanayotazamana, mazito, yasiyo na vinyweleo, pamoja na utomvu wa manjano, yananielekeza moja kwa moja kwenye familia ya Clusiaceae. Katika milima yetu familia hiyo ina jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ya Garcinia yenye spishi kadhaa, na ina Allanblackia, ambayo watu wa Usambara wanaijua kwa msambu na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kwanza hakikisha hamjachanganya na Harungana madagascariensis. Huo nao una majani yanayotazamana, lakini utomvu wake ni wa rangi ya chungwa iliyokolea, majani upande wa chini yana rangi ya kutu, nao hupenda kuota pembezoni na mahali palipofyekwa. Kama wenu uko ndani ya msitu wenye kivuli na utomvu ni wa manjano hasa, tuendelee na Clusiaceae.

Hapo hapo ile miti isiyozaa inapata maelezo. Garcinia na Allanblackia kwa kawaida zina miti dume na miti jike, kama mpapai. Mti dume hutoa maua tu na hauzai kamwe, hata ukae miaka mia. Kwa hiyo anayetaka kuueleza mti wenu kitaalamu lazima apate maua ya dume, maua ya jike, na matunda, kutoka miti isiyopungua miwili na pengine katika misimu miwili tofauti. Katika Garcinia tofauti kati ya spishi na spishi mara nyingi hujificha ndani ya ua: stameni, yaani sehemu dume za ua, zimekusanyika katika mafungu mangapi, sehemu ya juu ya ovari inayopokea chavua ina umbo gani, na ovari ikikatwa kwa upana ina vyumba vingapi. Mwanafunzi aliyepita kwenu yamkini alishika majani peke yake, na kwa majani peke yake hata bingwa wa familia hiyo angekwama. Usimlaumu.

Unaweza kujiuliza inawezekanaje mti mzima, mrefu kuliko nyumba, usijulikane kwa sayansi hadi leo. Wazee wenu wameujua siku zote, wanajua unazaa lini na nani hula matunda yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuutoa bondeni na kuuweka mbele ya ndugu zake wote. Miti mirefu huchanua juu, mahali ambapo mtembea kwa miguu haoni, na mingine huchanua kwa wiki chache kisha haichanui tena mwaka mzima au zaidi. Wakusanyaji wa mimea wa zamani nao walifuata njia zilizokuwapo, wakakusanya sana Amani na Lushoto huko Usambara, wakakusanya kidogo sana kwenye mabonde ya Udzungwa yenye miteremko mikali. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, imepokea mvua ya Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, na kila safu imetengwa na nyingine kwa nyanda kavu, ndiyo maana mimea ya safu moja imekuwa na muda wa kutofautiana na ya jirani. Kumbuka kwamba hata kima aina ya kipunji, mnyama mkubwa mwenye sauti ya kusikika mbali, alielezwa kisayansi mwaka 2005 tu, na baadhi yao wanaishi hukohuko Udzungwa. Sasa mti uliosimama kimya!

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 na kundi kubwa la watafiti yanasema kuna spishi za miti zipatazo 73,000, na kati ya hizo zaidi kidogo ya 9,000 bado hazijaelezwa na mtu yeyote. Nyingi ya hizo ziko kwenye misitu ya tropiki, nazo zinakisiwa kuwa adimu, kila moja katika eneo dogo.

Mti wa Boza na Uluti ulioutaja unaitwa Tessmannia princeps, wa familia ya kunde. Uligunduliwa mwaka 2019 na mtaalamu wa mimea Andrea Bianchi akiwa na wataalamu wenyeji Aloyce na Ruben Mwakisoma, watu wanaoijua misitu ya Udzungwa kwa miguu yao. Hufikia urefu wa mita 40, na kilele chake hutokeza juu ya miti mingine. Umewahi kufikiri ni kwa nini uligunduliwa 2019 lakini maelezo yake yakachapishwa 2025? Katika miaka hiyo ilibidi uwekwe kando ya Tessmannia nyingine, zikiwemo mbili zilizokuwa zikijulikana Tanzania tangu zamani, Tessmannia densiflora na Tessmannia martiniana, sehemu kwa sehemu, hadi isibaki nafasi ya kusema ni mmojawapo wa hizo umekua kupita kiasi. Magazeti yalivutiwa zaidi na umri wake. Shina la mti ulioanguka wenyewe lilionyesha pete 12 hadi 15 katika kila sentimita ya nusu kipenyo, na ikiwa kila pete ni mwaka mmoja, basi miti minene kabisa inaweza kuwa na miaka inayokaribia 3,000. Nasisitiza hilo "ikiwa". Katika misitu ya mvua mti unaweza kuongeza pete mbili kwa mwaka au kuruka mwaka, ndiyo maana huwa naomba umri wa mti utajwe pamoja na sharti lake.

Sasa kazi ya msituni. Kabla ya yote, msikate mti. Hakuna mahali popote katika taaluma hii panapodai mti mzima ukatwe ili uelezwe, na kwa mti wenye shina thelathini tu hilo lingekuwa dhambi. Tawi lenye maua au matunda, la urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, linatosha. Kwa matawi ya chini tumieni upembo. Kwa ya juu, wapo vijana wanaojua kupanda kwa kamba, na wengine hurusha kamba nyembamba kwa manati ikapita juu ya tawi, kisha wakavuta. Matawi mabichi yaliyoangushwa na upepo au na nyani nayo ni mali, mradi mna hakika yametoka mti gani.

Kila sampuli ipewe namba, na namba hiyo iandikwe palepale chini ya mti, msisubiri kufika nyumbani. Andikeni tarehe, jina la bonde, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, urefu wa mti kwa makadirio, na kipenyo cha shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, kwa sababu hapo ndipo wapimaji wa misitu duniani kote hupima. Kisha andikeni yale yanayopotea mti ukikauka: rangi ya ua, harufu yake, rangi ya tunda bichi na bivu, utomvu unatoka haraka au taratibu na unabadilika rangi ukikaa hewani, gome ni laini au linabanduka, ukilichanja ndani ni la rangi gani. Chanjo iwe ndogo, ukubwa wa dole gumba, upande mmoja tu. Mkizungusha kisu shina zima mtauua mti. Nimewahi kupokea sampuli nzuri sana za majani yaliyokauka vizuri, zikiwa na neno moja tu la maelezo, "msituni". Sampuli ya namna hiyo haisaidii, hata iwe ya mti adimu kiasi gani.

Andikeni na jina la wenyeji, matumizi, na nani aliyewaambia, kwa ridhaa yake. Hilo ni sehemu ya elimu ya mti kama lilivyo umbo la jani, na maelezo mengi ya zamani yamekosa kitu hicho kwa sababu mkusanyaji hakujali kuuliza.

Tawi hulazwa ndani ya gazeti, baadhi ya majani yakionyesha mgongo na mengine yakionyesha tumbo, kisha magazeti hupangwa kati ya maboksi yaliyobanjuliwa na kubanwa kwa mbao mbili na kamba. Gazeti libadilishwe kila siku hadi tawi likauke kabisa. Majani ya Clusiaceae ni mazito na hukauka polepole, yakikaa na unyevu yatapata ukungu na kupukutika, kwa hiyo msione tabu kubadilisha. Msimu wa mvua wengine hulowesha magazeti kwa spiriti na kufunga ndani ya mfuko wa plastiki hadi wapate mahali pa kukaushia. Njia hiyo huokoa sampuli, lakini huharibu vinasaba, basi kabla ya kulowesha chukueni vipande vya jani changa mviweke ndani ya chembe za silika, zile zinazofyonza unyevu. Maua machache yawekwe kwenye chupa yenye spiriti ili yasipoteze umbo. Tunda likateni kwa upana, hesabuni vyumba, pigeni picha likiwa na rula pembeni. Hapo ndipo picha ni muhimu sana, pamoja na picha za ua kwa karibu kutoka juu na kutoka ubavuni.

Chukueni nakala tano za kila sampuli mti ukiruhusu, maana yake matawi matano ya mti uleule, siku ileile, namba ileile. Sababu yake ni historia inayotuhusu. Wakati wa utawala wa Wajerumani sampuli nyingi za mimea ya Tanganyika zilipelekwa Berlin, na kwa sampuli hizo majina mengi ya miti yetu yalitungwa huko. Mwezi Machi 1943 hebaria ya Berlin, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, ilipigwa mabomu na sehemu kubwa ikateketea kwa moto. Sampuli zilizokuwa msingi wa majina zikawa majivu. Kwa spishi nyingi kilichookoa maana ya jina ni nakala zilizokuwa zimebaki kwingine, zikiwemo zile za hebaria iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tangu nilipojifunza hilo sikubali sampuli ikae mahali pamoja.

Wala sikubali isibaki nchini. Tuna hebaria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna hebaria ya taifa Arusha, na taasisi ya utafiti wa misitu ina ya kwake Lushoto. Nakala moja iende Nairobi, moja iende kwenye bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza ambako sampuli za kulinganishia ni nyingi mno, lakini ile ya msingi, ambayo jina litafungwa kwake daima, naomba kwa moyo wangu wote ikae Tanzania. Mwanafunzi wa Morogoro au Iringa asilazimike kuomba viza ili aone mti wa bonde la jirani.

Mkishapata sampuli, mti hutoka msituni na kuingia katika safari ya pili, na hapo ndipo miti mingi inayodhaniwa mipya huishia. Kwanza hupitishwa kwenye Flora of Tropical East Africa, kazi kubwa iliyochapishwa kwa vijitabu kati ya 1952 na 2012, inayoeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu ya familia yenu ilitoka mwaka 1978 kwa jina la zamani la familia, Guttiferae, basi mwanafunzi wenu akitafuta Clusiaceae hataiona. Mtu hujibu maswali mawili mawili, majani hivi au vile, stameni hivi au vile, hadi afike kwenye jina. Akikwama katikati, au akifika kwenye jina lakini maelezo hayalingani na alichonacho, hapo ndipo dalili inapoanza. Dalili tu.

Baada ya hapo hufunguliwa makabati. Kila jalada la Garcinia au Allanblackia hutolewa, na sampuli hulazwa mezani pamoja na ndugu zake. Kazi hii huchukua siku na macho. Unatafuta tofauti zisizobadilika. Jani la mti mchanga kivulini linaweza kuwa mara mbili ya jani la mti mzima juani, kwa hiyo ukubwa wa jani peke yake usikudanganye. Idadi ya vyumba vya ovari haibadilikibadiliki hivyo. Unaangalia pia spishi za Msumbiji, Malawi na Kongo, kwa sababu mti unaweza kuwa mpya kwa Tanzania lakini ulishapewa jina miaka mia iliyopita kutokana na sampuli ya upande wa pili wa mpaka. Ukikuta hivyo, jina la zamani ndilo linalotawala. Ndivyo mkongo wetu, huu unaotengenezewa milango, unavyoitwa Afzelia quanzensis, jina lililotokana na mto Cuanza wa Angola, kwa sababu sampuli iliyotumika kuuelezea ilitoka huko.

Na katika majalada hayohayo hupatikana mambo ya kushangaza. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya mimea ya maua iliyoelezwa kuwa mipya tangu 1970, ni asilimia 16 tu iliyoelezwa ndani ya miaka mitano tangu ilipokusanywa mara ya kwanza, na karibu robo ilihusisha sampuli zilizokaa zaidi ya miaka 50. Mti ulishafika hebaria, ukawekwa kwenye jalada lisilo lake au lile la "haijatambuliwa", ukangoja mtu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba tawi la mti wenu lilishakusanywa na mtu aliyepita huko miaka ya 1980, na likifunguliwa sasa pamoja na sampuli zenu zenye maua ya dume na ya jike, jibu litapatikana kwa mara ya kwanza.

Vinasaba husaidia, na siku hizi wahariri wengi wanavipenda. Vinaweza kuonyesha mti uko karibu na ndugu yupi. Lakini ikiwa ndugu hao wenyewe hawajapimwa, matokeo hayana cha kulinganishwa nacho, na kwa Garcinia za Afrika mapengo bado ni mengi. Visitumike kuwa kisingizio cha kutotafuta maua.

Kinachofuata ni kuandika. Maelezo ya spishi mpya yana sehemu moja fupi ambayo ndiyo roho yake: sentensi chache zinazosema mti huu unatofautianaje na ndugu yake wa karibu kabisa. Baada ya hapo hufuata maelezo marefu kutoka shina hadi mbegu, kwa vipimo, kisha mahali unapopatikana, makazi yake, hali yake ya hatari, na michoro. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inadai sampuli moja itajwe wazi kuwa ndiyo ya msingi, na hebaria inakohifadhiwa itajwe. Tangu Januari 2012 sehemu ya lazima inaweza kuandikwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza, ambapo kabla ya hapo, tangu 1935, ilikuwa Kilatini tu. Kiswahili bado hakikubaliki kwa sehemu hiyo. Hata hivyo hakuna kanuni inayomkataza mwandishi kuweka maelezo kamili ya Kiswahili ndani ya makala ileile, na nawasihi yeyote atakayeshirikiana nanyi afanye hivyo. Haiwezekani kijiji kiulinde mti kwa vizazi kisha maelezo yake yaje kwa lugha ambayo nusu ya kamati haisomi.

Jina linatungwa na wale wanaochapisha maelezo, na huwa halali siku makala inapotoka. Tangazo la redioni au la gazetini halihesabiki. Tena jina likivuja mapema bila maelezo huleta vurugu, kwa hiyo likishazungumzwa lifungeni kifuani. Ndiyo, linaweza kutokana na kijiji au mlima wenu, kwa kawaida kwa kuongeza mwisho wa -ensis, kama lilivyo usambarensis kwenye miti kadhaa. Linaweza kumuenzi mtu. Mti mmoja wa Usambara Mashariki, wa familia ya mstafeli, ulipewa jina Mischogyne iddii mwaka 2019 kumuenzi Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea mkazi wa Amani. Napenda majina ya namna hiyo. Nchini Kamerun mwaka 2022 mti mdogo wa msitu wa Ebo, wenye maua yanayotoka shinani, uliitwa Uvariopsis dicaprio, kumshukuru mwigizaji wa Marekani aliyepaza sauti msitu huo ulipokaribia kukatwa. Sina ugomvi nalo, lakini kwenu ningependa kwanza kuuliza nani alijua mti huu uko wapi. Majina yanabeba pia maumivu: mwaka 2024 mkutano wa wataalamu wa mimea huko Madrid uliamua kwamba caffra, neno lililotumika kuwatukana Waafrika, lisomeke affra katika majina yote ya mimea, na mng'ongo wetu ni mmoja wa iliyoguswa.

Zungumzeni jambo hili mapema na mtafiti, kabla hajabeba sampuli. Ulizeni nani watakuwa waandishi. Msitu ni wa hifadhi ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, basi idhini ya serikali ya kijiji inahitajika, na mtafiti awaonyeshe kibali cha utafiti, na kama nakala zinakwenda nje, vibali vya kuzisafirisha. Asiyetaka kuonyesha karatasi hizo asiingie msituni. Mliokusanya, mliotunza namba na kufuatilia maua misimu miwili, mnastahili kuwa waandishi kabisa, zaidi ya kushukuriwa mwishoni.

Je, jina litausaidia msitu? Fedha haiji na jina. Linachowezesha ni mti kuingia kwenye hesabu. Mti usio na jina kwa kawaida hauwekwi kwenye orodha nyekundu ya spishi zilizo hatarini, hautajwi kwenye tathmini ya mazingira barabara inapopangwa, na anayetaka kufyeka bonde hana swali la kujibu. Ukiwa na jina, vigezo viko wazi: miti iliyokomaa ikiwa chini ya 50 duniani kote, spishi huwekwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari, chini ya 250 daraja linalofuata, chini ya 1,000 la tatu. Thelathini yenu ni idadi ya bonde moja, kwa hiyo mabonde ya jirani lazima yatembelewe kabla ya kusema lolote, na mhesabu miti iliyokomaa kando na miche. Ebo ni mfano mmoja: serikali ya Kamerun ilisitisha mpango wa uvunaji mwaka 2020, na spishi zisizopatikana kwingine zilikuwa sehemu ya hoja zilizotolewa, ingawa baadaye msitu huo ulifunguliwa tena kwa uvunaji.

Kuna hatari nayo naomba muione. Habari ya mti adimu huvuta watu, na si wote wana nia njema, hasa ikiwa mbao zake ni nzuri. Vipimo kamili vya GPS viandikwe kwenye daftari lenu na kwenye sampuli, lakini msivitume kwenye makundi ya simu, na picha zikitumwa ondoeni taarifa za mahali. Makala nazo zinaweza kutaja eneo kwa ujumla bila kuonyesha shina lilipo.

Kwa sasa fanyeni haya. Chagueni miti kumi, mitano inayozaa na mitano isiyozaa, muifungie kibao cha namba kwa kamba isiyobana, na mjumbe mmoja aipitie kila baada ya wiki mbili akiandika: chipukizi, matumba, ua, tunda changa, tunda bivu. Matumba yakionekana tu, pelekeni habari hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Arusha ili mtaalamu afike kabla maua hayajadondoka. Mimi nitumie picha ya ua lililopasuliwa katikati, la mti dume na la mti jike, pamoja na tunda lililokatwa kwa upana. Kwa hayo nitaweza kukwambia kama ni Garcinia au Allanblackia, na jalada lipi tufungue kwanza.